Upande huu na upande ule: namna ya kuwafundisha wanafunzi kujenga hoja za pande mbili

Mdahalo wa skuli tunaoujua wengi wetu huanza kwa maneno yale yale: "Mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa katibu, mtunza muda asiyependelea, majaji waadilifu, wanafunzi wenzangu." Katika dakika tatu alizopewa, mwanafunzi humaliza moja akisalimia. Ya pili huitumia kwa methali, na ya tatu kwa kupandisha sauti mpaka marafiki zake wapige makofi. Aliyeunga mkono hoja huondoka akiiunga mkono, aliyeipinga huondoka akiipinga, na hakuna kati yao anayeweza kukueleza kesho yake mwenzake alisema nini.

Nimesimamia midahalo ya namna hiyo kwa miaka mingi katika skuli ya sekondari ya Kaskazini Pemba, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilidhani kazi yangu ni kuwafanya wanafunzi waseme vizuri. Siku hizi napima jambo jingine kabisa: je, mwanafunzi anaweza kuieleza hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani mwenyewe akakubali kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia? Hatua zifuatazo zimepangwa kumfikisha hapo. Zimeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa uraia, Kiswahili, historia au dini mwenye wanafunzi arubaini hadi sitini, ubao mmoja, chaki, na vipindi viwili vinavyofuatana.

Hatua ya kwanza: chagua mada ambayo wanafunzi wameigusa kwa mikono yao

Kwa Pemba sijapata mada bora ya kuanzia kuliko karafuu. Kauli ninayoiandika ubaoni ni hii: "Mkulima wa karafuu aruhusiwe kumuuzia amtakaye." Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa kwa miongo kadhaa ndilo mnunuzi wa karafuu anayetambuliwa na sheria, na kuzipeleka karafuu kwa mnunuzi mwengine, hasa kuzivusha kwa mashua usiku kwenda Kenya, ni magendo. Kila mtoto darasani ana la kusema kuhusu hili. Amepanda mkarafuu, amekaa na bibi yake usiku akichambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, amekimbia kukunja majamvi mvua ilipokuja ghafla, na anajua mchumaji hulipwa kiasi gani kwa pishi. Hahitaji kusomewa utangulizi. Kinachomkosesha hoja si ujuzi bali mazoea ya kuitazama biashara hiyo kutoka kwenye jamvi la nyumbani kwao peke yake.

Mwalimu wa pwani ya mashariki ya Unguja atafanya vyema kuchukua suala la ufukwe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Hoteli nazo zimekuja kukaa mbele ya maji yale yale. Kauli inaweza kuwa: "Mwekezaji aliyekodishwa ardhi ya pwani awe na haki ya kuwazuia wanakijiji kupita mbele ya hoteli yake." Wanafunzi wanapofungua Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 na kukuta kwamba ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na imewekwa chini ya mamlaka ya Rais, pande zote mbili hulazimika kuanza upya, kwa sababu mwekezaji si mmiliki kwa maana waliyoifikiria, wala mwanakijiji naye si mmiliki kwa maana hiyo.

Kauli iwe ya kuamua jambo moja. "Faida na hasara za utalii" si mada ya mdahalo, ni kichwa cha insha. Vilevile, mada iwe na watu wenye akili timamu na nia njema katika kila upande. Ukiuliza kama watoto wapigwe mpaka waumie, umeshalijibu suali kabla ya kuliuliza. Ukiuliza kama mkuu wa skuli apewe mamlaka ya kutoa adhabu ya viboko, na ukawapa wanafunzi kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, sasa wana kitu cha kukipima: kwa nini vinne, kwa nini idhini, na kwa nini kuwepo kabisa.

Ziko mada ninazoziacha kwa makusudi. Suala la kuandama kwa mwezi, kama tufunge na kufungua kwa mwezi ulioonekana hapa petu au popote duniani, lina hoja nzito pande zote, lakini Sikukuu ya nyumba nzima ya mtoto imefungwa nalo, na skuli si mahali pake. Mambo ya vyama katika mwaka wa uchaguzi nayo nayaweka kabatini mpaka mwaka upite. Si woga. Wanafunzi wangu katika miezi hiyo hawasikilizi hoja, wanasikiliza rangi ya fulana.

Hatua ya pili: waeleze wakubwa kabla hawajaelezwa na wengine

Mkuu wa skuli apate barua fupi yenye mada, tarehe na maelezo kwamba pande hupangwa kwa kura. Wazazi nao wajue. Hili nililipuuza mara ya kwanza, na asubuhi moja akaja mzazi mmoja, kavaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda barazani kwa shauri.

"Assalamu alaykum, maalim. Nimekuja kuuliza mwanangu mnamsomesha nini. Jana usiku kasimama ukumbini kwangu anatetea magendo."

"Waalaykumu salaam, mzee wangu. Karibu ukae. Hakutetea magendo, alipewa upande wa kuutetea, na upande ule mimi ndiye niliyempa."

"Sawa. Na akiuzoea je?"

Suali lake lilikuwa la haki, na nisingeweza kulijibu kwa maneno. Nilimwomba arudi Jumanne, siku ambayo kijana wake angekaa upande wa pili. Alikuja, akakaa nyuma kwenye dawati la mtoto magoti yakimgusa kidevu, na kijana aliposimama kutetea ununuzi wa shirika alitumia, neno kwa neno, hoja ambayo baba yake amekuwa akiisema barazani miaka yote. Mzee alicheka peke yake. Hakuuliza tena.

Kwa wanaoona kwamba kutetea usichokiamini ni kuitetea batili, hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Wanafunzi wetu wengi wamepita chuoni, yaani madrasa, na wamesoma fiqhi ya Imam Shafi, na wanajua kwamba Imam mwenyewe alikuwa na kauli za zamani alipokuwa Iraq na kauli mpya alipohamia Misri, na kwamba wanavyuoni waliokuja baada yake waliendelea kuzisoma zote mbili pamoja na dalili zake. Visiwani hapa Washafi na Waibadhi wamekaa mtaa mmoja kwa karne nyingi, kila mmoja akijua mwenzake anaswali vipi na kwa dalili gani. Anayesomesha khitilafu za wanavyuoni haambiwi kwamba hana msimamo. Mwalimu wa dini akiuona mdahalo kwa jicho hilo huwa msaidizi wako mkubwa kuliko wote.

Hatua ya tatu: likamateni neno kabla ya kulibishania

Mabishano mengi yanayoonekana makubwa ni watu wawili wanaotumia neno moja kwa maana mbili. Mfano ulio karibu nasi ni neno "nchi". Mwaka 2008 kauli kwamba Zanzibar si nchi ilizua mzozo mkubwa bungeni na katika Baraza la Wawakilishi, na haikuwa mara ya kwanza suala hilo kuibuka: mwaka 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya uhaini ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ilikuwa imeamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Kisha yakaja Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010, yanayosema Zanzibar ni nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo inafungua kwa maneno haya: "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano."

Andika kauli hizo mbili za katiba ubaoni, moja juu ya nyengine, bila ya kuongeza neno. Waambie wanafunzi waliondoe neno "nchi" na kila mmoja aweke badala yake maneno mengine yasiyobadilisha maana anayoiona yeye. Utapata "dola iliyo na kiti Umoja wa Mataifa", utapata "eneo lenye mipaka na serikali yake", utapata "watu wenye historia moja". Baada ya dakika kumi nusu ya ubishi huwa umekwisha, kwa sababu aliyekuwa akisema ndiyo na aliyekuwa akisema siyo wamegundua kwamba wanaweza wote wawili kuwa wakweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayofaa kujadiliwa: ni mambo gani yawe ya Muungano na yapi yasiwe. Orodha hiyo ilianza na mambo 11 mwaka 1964 na sasa ina mambo 22, na kila moja kati ya yaliyoongezwa ni mdahalo unaojitegemea.

Zoezi hili lifanyike kwa kila mada, hata ile inayoonekana nyepesi. Katika kauli ya karafuu, neno lenye mtego ni "aruhusiwe". Je, maana yake ni kwamba shirika liondoke, au kwamba libaki kama mnunuzi mmoja miongoni mwa wengi? Wanafunzi wasipoliamua hilo mwanzoni, watafika katikati ya mdahalo wakirushiana mawe katika viwanja viwili tofauti.

Hatua ya nne: wasomeni wapinzani kutoka kwenye hukumu

Gazeti humpa mwanafunzi hisia, na kitabu cha kiada humpa jibu. Hukumu ya mahkama humpa kitu ambacho hakipatikani penginepo kwa urahisi: hoja za pande zote mbili, zimeandikwa kwa utaratibu na watu waliolipwa kuzifanya ziwe na nguvu, kabla ya jaji kusema lolote la kwake. Kwa sababu hiyo natumia hukumu kuliko kitu kingine chochote, na nawafunika wanafunzi uamuzi wake.

Chukua suala la umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, katika vifungu vyake vya 13 na 17 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahkama, ilhali mvulana akiwekewa miaka 18. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, Mahkama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Mahkama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Nakala za hukumu hizo ni za umma. Mimi huchukua ukurasa unaoeleza hoja za serikali, kwamba sheria ile ilikuwa maridhiano kati ya mila, dini na desturi tofauti za wananchi, na ukurasa unaoeleza hoja za mlalamikaji, kwamba vifungu vile vinambagua mtoto wa kike na kumkosesha elimu. Nawapa wanafunzi kurasa hizo mbili tu. Kazi yao ni kuandika swali ambalo wangemuuliza kila wakili kama wao ndio majaji. Uamuzi nawasomea kipindi kinachofuata, na mara nyingi wanashangaa kuona kwamba jaji ameuliza swali lao.

Kisha huja kazi ngumu, na hii ni ya Zanzibar hasa. Sheria ile ya 1971 haitumiki kwetu. Ndoa za Waislamu hapa zinaangaliwa na Mahkama za Kadhi kwa sheria ya Kiislamu, na wakati huo huo Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Mwanafunzi hawezi kuichukua hukumu iliyotolewa Dar es Salaam akaibandika Wete. Anayeitumia aeleze kwa nini hoja zake zinafika huku, na anayeikataa aeleze zinapokatikia. Anayesema sheria ya dini ndiyo inayotawala aonyeshe wanavyuoni wamesema nini juu ya balehe, rushdi (kupevuka kwa akili) na maslahi ya binti, maana hapo pia hawakusema neno moja. Nimewahi kuona kundi lililoanza likidhani mdahalo ni kati ya dini na haki za binaadamu likamaliza limegundua kwamba kila upande ulikuwa na aya zake na kila upande ulikuwa na vifungu vyake.

Hatua ya tano: pande zipangwe kwa kura, kisha watu wahame

Andika "Ndiyo" na "Siyo" kwenye vikaratasi, vitie ndani ya kofia, kila mwanafunzi avute chake. Asiwepo wa kuchagua wala wa kubadilishana na rafiki. Kura inamwondolea mwanafunzi mzigo wa kuonekana anasema ya moyoni mwake, na mtoto mwenye haya hunufaika nayo zaidi kuliko msemaji.

Wapange wanne wanne, wawili kila upande. Dakika kumi za kujiandaa, dakika tatu kwa kila msemaji, dakika tano za kuulizana. Halafu sema: hameni. Wahame kwa miguu, waliokaa dirishani wakae mlangoni, kwa sababu nimeona kwamba aliyebaki kwenye kiti chake hubaki pia na hoja yake.

Sasa jihadhari na hila moja. Mwanafunzi aliyepewa upande asioupenda huutetea kwa makusudi kwa namna ya kuudhoofisha. Anasema hoja tatu zilizo dhaifu, kwa sauti ya uvivu, huku akiwatupia jicho wenzake kuwaambia kwamba yeye na hayo hawana uhusiano. Nimeitafutia hila hiyo dawa na nimepata moja tu inayofanya kazi: anayehamia upande mpya lazima alete hoja moja ambayo waliomtangulia upande huo hawakuitaja. Hawezi kurudia. Hawezi kufanya mzaha, kwa kuwa hoja mpya inamtaka afikiri kama mwenye upande. Hapo ndipo siku moja, katika mada ya karafuu, mvulana aliyekuwa amelitetea shirika kwa ukali alisema baada ya kuhama: "Mimi nikivua samaki changu nampelekea dalali wa diko lolote. Kwa nini mti wa baba yangu uwe na sheria ambayo dau la ami yangu halina?" Alinyamaza kidogo baada ya kusema, kama mtu aliyejisikia mwenyewe.

Hatua ya sita: sema kwanza aliyoyasema mwenzako

Kanuni ni fupi. Kabla ya kujibu, mwanafunzi aieleze hoja ya mpinzani kwa maneno yake, na asiendelee mpaka mpinzani aseme "ndivyo". Akisema "sivyo", arudie. Mtunza muda asimame wakati huo. Muda huo hauhesabiwi.

Hili si geni kwa Wapemba. Washairi wetu wa zamani, akina Kamange na Sarahani, walipojibizana hawakuwa na njia ya kujibu bila ya kusikiliza, kwa sababu anayejibu shairi huingia katika bahari ile ile, akafuata vina na mizani ya aliyemwanza. Asiyelisoma shairi la mwenzake kwa makini hawezi hata kuanza ubeti wa kwanza. Mdahalo wa kawaida hauna kina cha kumfunga mtu, basi kanuni hii ndiyo kina chetu.

Nitaeleza jinsi ilivyokwenda siku moja, kwa kuwa ukiisoma bila ya kuiona unaweza kuidharau. Msichana wa Kidato cha Tatu, wa kwao Mtambwe, alikuwa upande wa kumuachia mkulima uhuru wa kuuza. Alisema: "Baba kapanda, kapalilia, kachuma, kaanika. Anayepanga bei hajapata kukwea ngazi." Mvulana wa upande wa pili akasimama na karatasi yake iliyojaa maelezo ya bei.

"Mwenzangu anasema serikali inawaibia wakulima."

"Sikusema hivyo," alisema msichana.

"Anasema bei ni ndogo."

"Hilo pia sikulisema. Bei inaweza kuwa kubwa."

Darasa lilianza kucheka. Mvulana aliitazama karatasi yake, akaikunja. Alikaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, na nilijizuia nisimsaidie. Kisha akasema: "Unasema hata bei ikiwa nzuri, mkulima hana kauli katika kuipanga."

"Ndivyo."

Maelezo yake yote ya bei sasa yalikuwa hayana kazi. Ilimbidi afikirie jambo ambalo hakulitayarisha, na alichokisema kilikuwa bora kuliko yote yaliyokuwemo katika karatasi: kwamba kauli ya mkulima mmoja mbele ya mnunuzi mkubwa wa nje ni ndogo kuliko kauli yake mbele ya shirika ambalo anaweza kuliulizia kwa mwakilishi wake, na kwamba mwaka bei ya dunia ikianguka, mnunuzi huru hana anayemlazimisha kuja Pemba. Msichana hakukubali, lakini naye hakuwa na jibu papo hapo. Waliendelea kubishana njiani wakirudi nyumbani.

Makosa ya mwalimu katika hatua hii ni kuingilia mapema. Ukimya wa sekunde ishirini mbele ya darasa ni mzito, na sisi walimu hatukuzoea kuuvumilia.

Hatua ya saba: tafuteni khitilafu yenyewe iko wapi

Pande zote zikishasema na kuhama, gawa ubao sehemu tatu. Ya kwanza: tunakhitilafiana kuhusu hali ilivyo? Ya pili: tunakhitilafiana kuhusu lipi ni bora au zito zaidi? Ya tatu: tunakhitilafiana kuhusu nani mwenye haki ya kuamua? Kila hoja iliyotajwa iingizwe katika sehemu yake, na wanafunzi ndio watakaobishana iingie wapi.

Khitilafu ya aina ya kwanza haitatuliwi kwa ufasaha. Inatatuliwa kwa kwenda kutafuta: kumuuliza sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), kusoma ripoti, kuhesabu. Ya pili haitatuliwi kwa takwimu, hata uzilete gunia zima. Ya tatu ndiyo inayojificha, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayobeba mabishano makali zaidi ya kisheria.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita huwa naionyesha kwa suala la dhamana katika kesi za udhalilishaji, yaani ubakaji na ukatili wa kijinsia. Zanzibar imeziondolea dhamana kesi nzito za aina hiyo, na sababu zinajulikana: mashahidi ni watoto, mtuhumiwa mara nyingi ni jamaa au jirani, na kesi hufa kwa suluhu za chini kwa chini kabla ya kufika mbele ya hakimu. Upande wa pili unasema kwamba Katiba inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na kwamba rumande ya miezi mingi ni adhabu kabla ya hukumu. Tukizigawa hoja hizo ubaoni, suali la kama watuhumiwa wanaoachiwa huwa wanawaingilia mashahidi huenda sehemu ya kwanza. Usalama wa mtoto na uhuru wa asiyethibitishiwa kosa huenda ya pili. Lakini suali ambalo wanasheria wenyewe hulikazania liko ya tatu: je, Baraza la Wawakilishi lifunge mlango kwa kesi zote, au hakimu aachiwe aamue kwa kila kesi iliyo mbele yake? Mwanafunzi anaweza kuwa na huruma ile ile kwa mtoto aliyeumizwa, na bado akajibu suali hilo kinyume na mwenzake. Wakilifikia hapo, huwa wanashusha sauti wenyewe.

Hatua ya nane: tazama nani amekaa mbele yako

Mada niliyoitaja sasa hivi siigawi kwa kura, wala sitaki yeyote aitetee kwa nafsi ya kwanza. Tunaichambua ubaoni tu, kwa sababu katika darasa la watu hamsini huwezi kujua ni nani yaliyomfika.

Somo hilo nililipata kwa gharama ambayo haikulipwa na mimi. Mwaka mmoja niliweka mada juu ya malezi ya watoto baada ya talaka: je, mtoto akishafika miaka saba akae kwa baba? Kura ikamwangukia msichana mmoja upande wa "Ndiyo". Alisimama, akasema sentensi mbili, akakaa, akainamisha uso juu ya dawati. Kesi ya wazazi wake ilikuwa mahkamani wiki ile ile, na mtoto aliyekuwa akigombewa alikuwa mdogo wake. Wenzake watatu walijua. Mimi sikujua kwa sababu sikuuliza.

Tangu siku hiyo, siku mbili kabla ya mdahalo natangaza mada na kuacha bahasha kwenye dawati langu. Anayetaka kutoshiriki huandika jina lake na kutia karatasi, bila ya sababu, na siku ya mdahalo anakuwa mtunza muda au katibu. Kazi hizo nawapa pia wengine wasioomba, ili asiyeshiriki asijulikane.

Alama

Katika alama 100, mimi hutoa 40 kwa kueleza hoja ya mpinzani kwa usahihi, 30 kwa hoja mpya baada ya kuhama, 20 kwa ushahidi, na 10 kwa usemi. Wapo wenzangu wanaoona 10 za usemi ni kidogo mno katika somo la Kiswahili, na kwa mashindano ya skuli na skuli, ambako majaji ni wageni, nakubali ziongezwe. Darasani siziongezi. Mshindi wa jumla sitangazi, jambo ambalo wanafunzi hulilalamikia kila muhula.

Hatua ya mwisho: karatasi ya dakika tano

Kabla ya kengele, kila mwanafunzi aandike peke yake mambo mawili: sasa anaelekea upande gani, na ni hoja ipi ya upande wa pili ambayo bado hana jibu lake. Aruhusiwe kuandika "sijaamua", ila aseme kinachomzuia kuamua ni nini. Mwanafunzi akiandika kwamba hakuna hoja ya upande wa pili iliyomshinda, mrudishie karatasi aandike tena.

Yule mvulana aliyeikunja karatasi yake ya bei aliandika hivi: "Naona shirika libaki. Lakini suali la nani anapanga bei sijalipatia jibu, na nilimuuliza babu naye hakunijibu." Nilimpa alama zake na nikaitia karatasi ndani ya faili pamoja na nyengine. Muhula uliofuata nilipokuwa natafuta mada nililifungua faili hilo, nikakuta karatasi kumi na moja zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Mada ikawa: "Wakulima wa karafuu wawe na wajumbe waliowachagua wenyewe katika kikao kinachopanga bei."

Kofia, vikaratasi, wanne wanne.